Kamera Isiyojua Rangi

Watu wengi hudhani ya kuwa sinema ya weusi na weupe ni sinema ya rangi iliyonyang'anywa kitu. Dhana hiyo haikosi sababu. Tangu kamera za kidijitali ziliposhika mahali pa mkanda wa filamu, sinema nyingi za namna hiyo zimepigwa kwa rangi kamili, kisha rangi ikaondolewa mezani, baada ya wachezaji kwenda zao. Lakini ziko kamera chache zilizoundwa zisijue rangi hata kidogo. Kampuni ya RED ya Marekani ilitoa moja mwaka 2012, na ARRI ya Ujerumani nayo ikaunda ya aina hiyo. Kamera hizi hufanya machache kuliko ndugu zao za rangi, na bado wapiga picha hodari huzitamani. Tamaa hiyo yastahili kuchunguzwa, maana sababu itajwayo kwanza siyo iliyo kubwa.

Sababu itajwayo kwanza ni ya kiufundi. Kihisi cha kamera, yaani kile kibao kidogo kipokeacho nuru, hakitambui rangi kwa asili yake. Kila kijumba chake hupima wingi wa nuru tu. Ili kipate rangi, huwekewa juu yake vichujio vidogo vidogo, chekundu, cha kijani na cha buluu, kwa mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Katika kila vijumba vinne, viwili hupewa kijani, kimoja nyekundu na kimoja buluu. Basi kila kijumba hupata sehemu moja tu ya habari, na sehemu mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa majirani. Vichujio vikiondolewa, makisio hayo hayahitajiki tena: kila kijumba hupokea nuru yote iliyokifikia na husema alichokiona chenyewe. Picha hupata ukali zaidi, na kamera huona vyema zaidi katika giza.

Faida hiyo ilionekana wazi katika Mank ya David Fincher (2020), iliyopigwa na Erik Messerschmidt kwa kamera ya RED isiyo na rangi, naye akapewa tuzo ya Oscar mwaka 2021. Sinema hiyo yamhusu Herman Mankiewicz na uandishi wa Citizen Kane (1941), ambayo Gregg Toland aliipiga kwa namna ya kuonyesha wazi mtu aliye karibu na aliye mbali kwa pamoja. Kupiga hivyo hudai tundu la lenzi liwe dogo, na tundu dogo hula nuru nyingi. Kihisi kisicho na vichujio kilimrahisishia Messerschmidt kazi ambayo Toland aliitimiza kwa taa kali.

Hata hivyo, ukali wa picha hauwezi kuwa sababu yote. Fincher mwenyewe, baada ya kuupata, aliupunguza: picha ililainishwa, ikatiwa mikwaruzo, na hata zile alama za pembeni zilizomwonya mwendeshaji mitambo kwamba mkanda wakaribia kwisha, ingawa mkanda wenyewe haukuwapo. Ni mzaha wa mtu tajiri anunuaye kanzu mpya akaichakaza kabla ya kuivaa. (Fremu nayo ni pana, wala si ya umbo la mwaka 1941, kuiga kwake kulikuwa na mipaka.) Kama ukali ndio uliotafutwa, usingetupwa hivyo.

Kilichotafutwa ni kufungwa. Apigaye kwa rangi huahirisha hukumu. Alfonso Cuarón alipoipiga Roma (2018) kwa kamera ya rangi ya Alexa 65, aliweza baadaye kuamua kijani cha majani kiwe kijivu cheupe na wekundu wa ukuta uwe kijivu kizito, kila kimoja kwa nafasi yake. Uhuru huo ni mkubwa, na Roma ni ushahidi kwamba waweza kutumiwa kwa heshima. Kamera isiyojua rangi hainao. Mbele yake mdomo mwekundu na jani la kijani vyaweza kuwa kijivu kimoja visitengane tena milele. Anayetaka mbingu ya buluu iwe nzito sharti aweke kioo chekundu mbele ya lenzi saa ile ile, akijua kuwa kioo hicho kitazing'arisha na nyuso za watu. Ndiyo sababu wabunifu wa mavazi na mandhari ya Mank walizipima rangi zao mapema kwa kuzitazama katika picha za kijivu. Kazi ya macho hurudi mahali pa kupigia picha, na wote waliopo huona jambo moja.

Kuna na faida nyingine isiyo ya macho. Nebraska ya Alexander Payne (2013) ilipigwa kwa kamera ya rangi ikaonyeshwa kwa weusi na weupe. Lakini kwa kuwa rangi zilikuwamo ndani, kampuni ilitengeneza na nakala ya rangi kwa ajili ya soko la televisheni, nayo ikaonyeshwa Marekani mwaka 2014, ingawa mwongozaji hakuitaka. Rangi iliyohifadhiwa ni mali, na mali haikosi mwenye kuidai. Kwa sinema iliyopigwa na kihisi kisicho na vichujio, hakuna cha kudai. Kompyuta yaweza kuipaka rangi, ni kweli, lakini huko ni kubuni, si kufukua kilichokuwapo.

Citizen Kane yenyewe iliponea chupuchupu. Kampuni ya Ted Turner, iliyokwisha kuzipaka rangi sinema kadha wa kadha za zamani, ilifanya majaribio juu yake, kisha mwaka 1989 ikaacha. Orson Welles alikuwa amekufa tangu 1985, na mkanda haukuwa na uwezo wa kujitetea. Kilichoizuia kampuni ni mkataba ambao Welles alitiliana na RKO mwaka 1939, uliompa mamlaka juu ya kazi yake.