Afro 70: Bendi Iliyotungwa

Patrick Balisidya, mzaliwa wa Mvumi mkoani Dodoma, alijiunga na Dar es Salaam Jazz Band mwaka 1967, akaikuta bendi iliyokwisha kuwa na sarufi yake tangu 1932. Katika sarufi hiyo mtunzi huleta wimbo, waimbaji hugawana beti, mpiga solo hujaza nafasi anazoachiwa, na wapulizaji hungoja zamu yao. Utamu wote hutegemea nidhamu ya mafungu yasiyopandana. Miaka mitatu baadaye Balisidya aliunda Afro 70, na jambo la kwanza linalomgusa mhakiki ni kwamba mafungu kadhaa ya sarufi ile sasa yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja: alitunga, aliimba, alipiga gitaa, na kinanda alikimudu.

Wakati wenyewe haukuwa mtulivu. Novemba 1969 mamlaka za mkoa zilikuwa zimepiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa, na vijana waliokuwa wakiucheza walibaki na miguu isiyo na ngoma. Bendi za wakati ule zilizoea kujitambulisha kwa mahali, kama Morogoro Jazz na Tabora Jazz. Afro 70 ikajitambulisha kwa bara na mwaka. Nauona hapo ujanja wa kifani: nusu ya kwanza inaitii sera, nusu ya pili inajiruhusu usasa uleule ambao marufuku iliulenga.

Lakini kiini cha uundwaji wake kimo ndani zaidi, na sisi wa Hamugembe, Bukoba, tuliozungukwa na mapokeo ya enanga, tuna kipimo cha kukipimia. Enanga ni ubao uliochongwa ukaachwa na bonde katikati, na juu yake uzi mmoja hupitishwa kwenda na kurudi hata ukawa safu ya nyuzi. Manju wake, kama marehemu Habibu Selemani, huketi peke yake na kushika vyote viwili, neno na mlio; sentensi ya utenzi ikirefuka, mlio huisubiri, na sauti ikinyamaza, uzi huendeleza hoja. Hakuna anayempa mwenzake ishara, kwa kuwa mwenzake hayupo. Sidai kwamba Balisidya aliujua ubao wetu; kwao Ugogo kuna zeze, nalo huimbiwa na mpigaji mwenyewe. Ninachodai ni kwamba Afro 70 ilihamishia umoja huo kwenye vyombo vya umeme. Katika “Harusi”, wimbo ambao kumbi za sherehe hazijauchoka hadi leo, sauti na gitaa vinavuta pumzi moja: kifungu cha mwimbaji kinapokatika, gitaa halijibu kama mtu wa pili, bali linaendelea kama mtu yuleyule aliyebadili ulimi.

Mwaka uleule wa 1970, huko Marekani, Miles Davis alitoa Bitches Brew, santuri ambayo wengi huihesabu kuwa mlango wa jazi-roki. Umbo la kazi ile lilikamilishwa baada ya wanamuziki kuondoka, mtayarishaji Teo Macero alipoikata na kuiunga tepu. Bendi zetu zilizoingia studio za Radio Tanzania zilirekodi wimbo mzima kwa mkupuo, na kwa hiyo kila kiungo kilipaswa kukazwa mazoezini. Kwa sikio langu, huo ndio usanii mgumu zaidi, ingawa mashabiki wa Davis watanikatalia.

Muundo wa bendi kuwa mtu mmoja una faida na gharama. Afro 70 iliiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977, na mwishoni mwa mwongo huo Balisidya alirekodi Bado Kidogo pamoja na Archimedes Badkar, kundi la Sweden lililochanganya jazi, roki na miziki ya mataifa. Ushirikiano huo uliwezekana kirahisi kwa sababu bendi yenyewe ilikuwa mtu: palipokuwa na Balisidya, palikuwa na Afro 70. Lakini bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978 kwa ile sarufi ya mafungu, imepoteza waimbaji na wapiga magitaa wakubwa na bado ikaitwa Sikinde, kwa jina la mtindo wake. Balisidya alifariki 2004. Nyimbo zake zinapigwa na wengi, ila Afrosa, mtindo wa Afro 70, haujapata wa kuurithi.