Sikio la Melba Liston

Tromboni haina vitufe. Mpiga saksofoni akibonyeza panapostahili, chombo chenyewe humfikisha karibu na noti anayoitaka. Mpiga gitaa ana vyuma vidogo shingoni mwa gitaa vinavyomwonyesha mipaka. Mpuliza tromboni ana mrija wa shaba anaousukuma mbele na kuuvuta nyuma kwa mkono. Mrija huo una vituo saba, na kila anapousukuma kituo kimoja mbele sauti inashuka nusu toni. Hakuna alama inayomwonyesha kituo kilipo. Hukijua kwa mkono na kwa sikio, kama mpiga fidla wa taarabu anavyojua pa kuweka kidole kwenye shingo isiyo na mistari. Akipitiliza kwa upana wa kidole tu, ukumbi mzima unasikia.

Halafu kuna midomo. Mkono ukiwa umetulia kwenye kituo kimoja, mpulizaji hutoa noti kadhaa kwa kukaza na kulegeza midomo. Kwa sababu hiyo noti nyingi za juu hupatikana katika kituo zaidi ya kimoja, na fundi huchagua kile kilicho karibu na noti inayofuata. Ulimi nao unakata pumzi kwa wakati wake, ili mrija unapopita kati ya noti mbili usiache mlio wa kuburura, isipokuwa pale mwenyewe anapoutaka. Mkono, midomo, ulimi na pumzi lazima vifike pamoja, na sikio ndilo linaloamua kama vimefika.

Katika miaka ya 1940, Charlie Parker na Dizzy Gillespie walipoiingiza jazi katika kasi ya mtindo wa bibop, ilionekana tromboni ingeachwa njiani. J.J. Johnson, mpuliza tromboni aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1924, alionyesha kwamba mkono unaweza kuifuata kasi ile. Alipunguza mtetemo wa sauti, akautumia ulimi kwa usahihi, akachagua vituo vyake kwa uangalifu mkubwa, hata wapo waliosikia santuri zake wakadhani anatumia tromboni ya vali, aina ya kubonyeza isiyo na mrija wa kusukuma. Umahiri huo haukumhakikishia riziki. Kuanzia mwaka 1952 alifanya kazi ya kukagua michoro ya kiufundi katika kiwanda cha Sperry huko New York. Mwaka 1954 alirudi jukwaani akiwa na Kai Winding, mpuliza tromboni mzaliwa wa Denmark, na tromboni zao mbili zikapendwa sana. Baadaye alihamia California kuandika muziki wa filamu na televisheni.

Njia ya Johnson, kutoka kupuliza hadi kuandika, wameipita wapuliza tromboni wengi, na nadhani kiti chao kina mchango hapo. Katika bendi kubwa ya jazi, tarumbeta ziko juu na zinang'aa, na saksofoni mara nyingi ndizo zinazobeba wimbo. Tromboni hukaa katikati, zikishikilia sauti zinazoyaunganisha makundi hayo mawili. Anayekaa pale kila usiku husikia jinsi muziki ulivyojengwa kwa ndani. Simjui aliyesikia mengi kutoka kiti hicho kumshinda Melba Liston.

Alizaliwa Kansas City, Missouri, tarehe 13 Januari 1926. Akiwa na miaka saba aliiona tromboni ikiuzwa, akaipenda kwa uzuri wake, na mama yake akamnunulia. Mikono ya mtoto haikutosha. Ili avifikie vituo vya mwisho, ilimbidi ageuze kichwa pembeni. Alijifundisha kwa kusikiliza, babu yake akimsindikiza kwa gitaa. Mwaka 1937 familia ilihamia Los Angeles, na huko akaingia mikononi mwa Alma Hightower, mwalimu aliyewalea watoto wengi wa mtaa wake kimuziki. Alipofika miaka kumi na sita tayari alikuwa mwanamuziki wa kulipwa, na muda mfupi baadaye alijiunga na bendi mpya ya Gerald Wilson. Huko alianza kujifunza kupanga muziki, yaani kuamua chombo gani kipige noti gani, wakati gani, na kwa nguvu kiasi gani.

Mwaka 1947 Dexter Gordon, mpiga saksofoni waliyekua naye Los Angeles, alimwita studio na kurekodi naye kibao alichomtungia, "Mischievous Lady". Mwaka 1949 Melba alisafiri na mwimbaji Billie Holiday katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Watazamaji walikuwa wachache, fedha zikaisha, na ziara ikavunjika. Melba alirudi Los Angeles, akaiweka tromboni pembeni na kuajiriwa karani katika idara ya elimu. Katika miaka hiyo alionekana pia kwenye filamu, mojawapo ikiwa The Ten Commandments ya mwaka 1956.

Dizzy Gillespie ndiye aliyemrudisha. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilipompeleka na bendi kubwa Mashariki ya Kati na baadaye Amerika Kusini, Gillespie alisisitiza Melba awemo, na aje na kurasa alizozipanga. Baadhi ya wanaume katika bendi walinung'unika kwamba mwanamke ameagizwa kutoka mbali kote huko kushika tromboni. Wakawekewa kurasa zake mbele. Walipojaribu kuzipiga wakaona ugumu wake, na maneno yakakoma. "My Reverie", iliyotokana na muziki wa mtunzi Debussy, na "Annie's Dance", iliyotokana na ule wa mtunzi Grieg, zilibaki katika santuri za bendi ile zikiwa na mkono wake.

Mwaka 1958 alirekodi santuri pekee iliyotoka kwa jina lake, Melba Liston and Her 'Bones. Aliikusanyia mafundi wa tromboni kama Jimmy Cleveland, Bennie Green, Al Grey na Slide Hampton. Kujaza santuri kwa tromboni ni mtihani, kwa maana sauti zao ni za rika moja na zikisongamana huwa uji mzito. Melba alimpa kila mmoja nafasi ya kupumua. Mmoja anaposimulia, wengine wanashika sauti ndefu chini yake, kisha wanajibu kwa kifupi na kunyamaza.

Wakati huohuo alikuwa ameanza kazi ambayo ingedumu maisha yake yote, pamoja na mpiga kinanda Randy Weston wa Brooklyn, naye mzaliwa wa 1926. Weston alimpigia vibao vyake kwenye kinanda, na Melba akasikiliza, akaandika, akarudi na bendi nzima kwenye karatasi. Kinanda cha Weston kina migongano ya sauti ambayo mpangaji mwenye haraka angeilainisha. Melba aliiacha, akaigawa kwa vyombo vya kupuliza ili kila mgongano upate koo lake. Ndiyo maana unaposikiliza santuri zao unatambua vidole vya Weston hata pale kinanda kinaponyamaza.

Kazi yao inayotuhusu kwa karibu zaidi ni Uhuru Afrika, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilijitawala. Weston alimwomba mshairi Langston Hughes aandike maneno, na akataka yasikike pia katika lugha ya Afrika. Lugha iliyochaguliwa ilikuwa Kiswahili, na aliyeyasema ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Sehemu mbili kati ya nne za kazi hiyo zina Kiswahili katika majina yake, "Uhuru Kwanza" na "Kucheza Blues". Bendera ya Tanganyika huru ilikuwa bado kupandishwa. Ingepandishwa tarehe 9 Desemba 1961. Utawala wa makaburu wa Afrika Kusini baadaye uliipiga marufuku santuri hiyo.

Fikiria mzigo aliokabidhiwa mpangaji. Kulikuwa na Babatunde Olatunji wa Nigeria kwenye ngoma, Candido na Armando Peraza wa Cuba, na Max Roach kati ya wapiga ngoma wa jazi. Kulikuwa na wapiga besi wawili, waimbaji wawili, kundi la tarumbeta na saksofoni, na tromboni tatu za Slide Hampton, Jimmy Cleveland na Quentin Jackson. Watu wengi kiasi hicho wangeweza kuifunika sauti ya msemaji. Katika kazi ya Melba, ngoma zinapozungumza vyombo vya kupuliza vinajua kusubiri, na vinapoingia vinaingia kwa uzito unaozipa ngoma nguvu. Sauti ya Sanga inabaki wazi, na kila neno linasikika.

Katika miaka ya 1970 Melba alikwenda Jamaika kufundisha muziki kwa miaka kadhaa. Mwaka 1985 alipata kiharusi, na kupuliza tromboni kukaishia hapo. Kupanga hakukuisha. Alijifunza kutumia kompyuta kuandika muziki, na kwa njia hiyo aliandaa The Spirits of Our Ancestors ya Weston, iliyorekodiwa mwaka 1991, na Volcano Blues ya mwaka 1993. Sikio lililofunzwa na mrija usio na alama lilikuwa bado linajua kila noti ilipo. Alifariki Los Angeles tarehe 23 Aprili 1999.

Huku kwetu wimbo wa dansi tunautaja kwa mwimbaji wake, pengine na mtunzi. Aliyekaa usiku akiamua tarumbeta ziingie wapi na saksofoni zinyamaze wapi, mara nyingi hatumjui. Isikilize Uhuru Afrika mara mbili, mara ya pili ukizifuata tromboni peke yake, na utaona ni kiasi gani cha uzuri wake kilitoka kwa mtu asiyesikika akipuliza. Kisha fanya hivyo kwa bendi unayoipenda, na uulize ni nani aliyepanga. Jina hilo linastahili kuandikwa kwenye jalada pamoja na la mwimbaji.