Maradhi na Kazi: Usawiri wa Paulina katika Coming to Birth

Wahakiki wengi wa Coming to Birth (1986), riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye iliyotunukiwa Tuzo ya Sinclair mwaka uliochapishwa, wameisoma kama istiara ya taifa. Paulina anaingia Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, na hadithi inamwacha mwaka 1978. Mimba zake na uhuru wa Kenya vinakwenda sambamba. Usomaji huu una msingi, lakini unaliruka jambo ambalo matini inalishughulikia kwa subira kubwa, yaani mwanamke mgonjwa anayetafuta kazi. Makala haya yanakusudia kuuchunguza uhusiano wa mambo hayo mawili: maradhi ya mhusika huyu na utumishi wake kwa wanawake wenzake.

Tuanze na mandhari. Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka kwenye garimoshi akiwa mjamzito na kupelekwa na mumewe, Martin Were, kwenye chumba Pumwani. Haikuchukua muda mimba ikaharibika. Anapotea njia katika mji asioujua, na anapofika nyumbani anapokelewa kwa kipigo. Ikumbukwe kwamba mitaa hii ya Eastlands ilijengwa na serikali ya kikoloni kwa kumfikiria zaidi mfanyakazi wa kiume. Mke alikuja kama mgeni. Hata riwaya za mji za miaka ya 70, kwa mfano Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi, zinauona mji kwa jicho la mwanamume wa mjengo na wa baa. Macgoye, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1954 na kuolewa katika jamii ya Waluo, anauingiza mji huo katika tumbo la mwanamke, na hapo ndipo ulipo upya wake.

Ipo hadithi nyepesi inayopendwa sana, makanisani na hata katika mihadhara yetu: mtu aliumwa, mateso yakamfunza huruma, akajitolea kuwahudumia wengine. Kwa maoni yetu Macgoye hakuiandika hadithi hiyo. Mimba za Paulina zinaendelea kuharibika, na hakuna anayemwambia kwa nini. Lawama anabebeshwa yeye, ijapokuwa Martin naye anakaa na wanawake wengine bila kupata mtoto. Baina ya jeraha na utumishi mwandishi ameweka chuo. Paulina anasomea maarifa ya nyumbani, anapata cheti, kisha anaajiriwa kuongoza vyama vya akina mama huko Nyanza. Maradhi yalimnyima nafasi ya mke mwenye watoto. Nafasi ya mwalimu aliipata kwa mafunzo na mshahara. Vyama vya aina hii, ambavyo Maendeleo ya Wanawake ilivieneza tangu mwaka 1952, vilifundisha mapishi, ushonaji, usafi na malezi. Basi fikiria kinaya chake: mwanamke asiye na mtoto anasimama mbele ya akina mama. Msimulizi hasemi neno juu ya uchungu wa hali hiyo, wala hahitaji kusema.

Baadaye Paulina anamzaa Okeyo nje ya ndoa. Mtoto huyo anauawa katika ufyatuaji risasi wa Kisumu wa Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali. Tukio ni la kihistoria. Dola iliyokuja kuzindua nyumba ya tiba ndiyo inayomwua mtoto ambaye mwili wa mama ulichelewa miaka mingi kumpata. Sitiari ya taifa haiwezi kulimeza tukio hili. Nani basi anazaliwa hapa? Paulina anarudi Nairobi, anafanya kazi katika nyumba ya mbunge, na taratibu macho yake yanaelekea kwa watoto wa mitaani. Ni kazi ndogo, isiyo na hotuba, na kwetu sisi kurasa hizi ndizo zenye nguvu kuliko zote.

Tunatofautiana na mwandishi katika hitimisho. Paulina amerudiana na Martin na ana mimba tena. Anayeitetea ploti hii atasema kwamba mimba hiyo inamkuta mwanamke mwenye pato na kauli, siyo yule msichana wa stesheni. Ni kweli. Hata hivyo, kwa kuifunga hadithi kwa tumbo na si kwa kazi, mwandishi anamshawishi msomaji aihesabu miaka yote ya chuo, vyama na watoto wa mitaani kuwa ilikuwa ya kusubiri. Pumwani, yenye hospitali ya uzazi iliyoanza mwaka 1926 na ambayo bado inapokea wajawazito, wamo wanawake ambao mimba ya mwisho wa kitabu haiwafikii. Paulina wa kurasa za katikati, aliyefanya kazi bila ahadi hiyo, anawahusu zaidi, na inafaa wanafunzi wetu wampe nafasi kubwa kuliko wanayompa katika tasnifu zao.