Tamthiliya ya Sultani na Kitabu cha Samweli

Tangu Azam TV ilipoanza kuonyesha tamthiliya ya Sultan kwa sauti za Kiswahili, kuna swali ambalo limezunguka katika jumuiya zetu hapa Dodoma na halijapata jibu la kuridhisha. Tamthiliya yenyewe iliisha, ikaja nyingine, na nyingine baada yake, lakini swali limebaki. Je, Mkristo atazame hadithi za wafalme ambazo mtu aliyesoma historia anajua kwamba sehemu kubwa yake imetungwa? Wapo wanaosema ni burudani tu: mtu ametoka shambani au kazini amechoka, mwacheni apumzike. Wapo wanaosema uongo ni uongo hata ukivikwa hariri, na baba wa uongo anajulikana. Nimewasikiliza wote, na naona wote wanapima kitambaa kwa kibaba.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwao Uturuki inaitwa Muhteşem Yüzyıl, yaani karne ya fahari. Ilianza kuonyeshwa Januari 2011, ikamalizika 2014 baada ya vipindi 139. Mwandishi wake wa kwanza, Meral Okay, alifariki Aprili 2012 kazi ikiwa haijafika mwisho. Inasimulia habari za Sultani Suleiman wa dola ya Osmani, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, na za mwanamke aliyeletwa katika nyumba yake akiwa mateka kutoka nchi ambayo leo ni Ukraine, akapewa jina la Hürrem. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba aliachwa huru akaolewa kwa ndoa halali, jambo lililowashangaza watu wa wakati ule, kwa maana masultani hawakuwa na desturi ya kuwaoa vijakazi wao. Ni kweli kwamba waziri mkuu Ibrahim, rafiki wa Sultani tangu ujana, aliuawa mwaka 1536 kwa amri ya rafiki yake huyo huyo. Na ni kweli kwamba mwaka 1553 Sultani aliamuru mwanawe Mustafa anyongwe hemani. Walioangua kilio usiku ule wa kipindi cha Mustafa hawakulia bure.

Tena huyu Suleiman si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Ndugu zetu wanaojaliwa kwenda kuhiji Yerusalemu hurudi na picha wamesimama kwenye Lango la Yafa au Lango la Dameski, na mara nyingi wanatuambia hizo ndizo kuta alizopita Bwana Yesu. Kuta hizo zilijengwa kwa amri ya Suleiman kati ya 1537 na 1541. Na ndani ya mji ule Hürrem alianzisha jiko la kuwalisha maskini.

Lakini yapo yaliyogeuzwa. Katika tamthiliya, mama wa Sultani, dada zake, wake na masuria wanaishi pamoja naye katika jumba la Topkapı tangu siku ya kwanza. Historia inasema mwanzoni mwa utawala wake wanawake wa nyumba ya kifalme walikaa katika jumba lingine, lile la zamani, na kwamba Hürrem ndiye aliyehamia Topkapı baadaye. Ndoa ya Ibrahim na Hatice, dada wa Sultani, ambayo imebeba karibu misimu mitatu ya tamthiliya, wanahistoria kadhaa wa leo wanaitilia shaka kama iliwahi kufungwa.

Kwa nini mtunzi amewaweka wote chini ya paa moja? Mwalimu yeyote wa shule ya Jumapili aliyewahi kuandaa igizo la Krismasi anajua sababu. Sisi wenyewe kila Desemba tunawaingiza mamajusi zizini pamoja na wachungaji, ingawa Mathayo anasema waliingia nyumbani, na sijaona mzee wa kanisa aliyesimama kupinga. Wahusika wasipokutana, hakuna igizo. Mabadiliko ya namna hii siwezi kuyahesabu kuwa dhambi.

Huko Uturuki ugomvi ulikuwa mkubwa kuliko wetu. Mamlaka ya utangazaji ilipokea malalamiko zaidi ya 70,000. Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, aliilaumu tamthiliya hadharani, akisema babu yao alikaa miaka thelathini juu ya farasi vitani, wala hakuwa mtu wa kukaa jumbani kama anavyoonyeshwa. Kuhusu farasi alikuwa na hoja: Suleiman alifia kwenye kampeni ya vita huko Szigetvár, Hungaria, akiwa mzee. Lakini angalia lalamiko lenyewe lilivyo. Linadai mfalme aonyeshwe msafi. Halisemi neno juu ya Mustafa. Mtu anaweza kumwondoa Suleiman katika jumba, akampandisha farasi katika kila kipindi, akaweka sawa tarehe zote na vilemba vyote, na bado akatuficha jambo la maana kuliko yote kuhusu mtu yule.

Hapa ndipo Biblia inapotusaidia, na inanishangaza kwamba katika mabishano yetu yote hatuigeukii. Sisi tunazo tayari habari mbili za mfalme mmoja. Fungua 2 Samweli 11, kisha fungua 1 Mambo ya Nyakati 20. Zote mbili zinaanza mahali pamoja: ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, Yoabu anauzingira mji wa Raba, na Daudi amebaki Yerusalemu. Mwandishi wa Nyakati anaruka moja kwa moja hadi Raba inapoanguka na taji ya dhahabu inapowekwa juu ya kichwa cha Daudi. Mwandishi wa Samweli anasimama. Anampandisha Daudi darini jioni. Anatuonyesha Bathsheba, kisha Uria Mhiti anayekataa kulala nyumbani kwake wakati wenzake wako mahemani, kisha barua ambayo Uria mwenyewe anaibeba mkononi bila kujua kwamba ni hukumu ya kifo chake. Taji inakuja mwishoni, katika sura ya 12, baada ya mtoto kufa.

Mwandishi wa Nyakati hakusema uongo. Alikuwa na shabaha nyingine, hekalu na ibada yake, na kila alichokiandika pale kinakubaliana na Samweli. Lakini kama tungekuwa na Nyakati peke yake, tusingemjua Daudi, na Zaburi ya toba inayobeba jina lake isingekuwa na mahali pa kusimama. Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu hakumwita Bathsheba kwa jina. Alimwita yule aliyekuwa mke wa Uria, ili Uria asisahaulike hata mlangoni mwa Injili. Nadhani hiki ndicho kipimo tunachopaswa kwenda nacho mbele ya televisheni. Tuulize: Uria yumo? Yaani, wale waliolipa gharama ya kiti cha enzi wameonyeshwa, au wamefutwa ili kiti king'ae?

Kwa kipimo hicho Sultan inafanya vizuri kuliko wanavyokiri wapinzani wake. Kipindi cha kifo cha Ibrahim, na kile cha Mustafa akivuliwa silaha kabla ya kuingia katika hema la baba yake, ni kazi inayomheshimu mtazamaji. Hapo mfalme hapewi udhuru. Halit Ergenç, aliyeigiza Suleiman, anamwachia mtazamaji aone mtu anayejua anachofanya.

Lakini katika jambo moja inaanguka, na kwetu sisi wa Ugogo jambo hilo si dogo. Jumba lile lilikuwa jumba la watumwa. Kipindi cha kwanza kinaanza vizuri: msichana Aleksandra yuko melini, analia, amepoteza wazazi wake. Baada ya vipindi vichache kilio kimegeuka kicheko, na utumwa umegeuka ngazi ya kupandia. Tunaanza kushangilia: apate chumba chake, apate kito, amshinde mwenzake. Wasichana wengine mamia, ambao hawakupata kuitwa hata usiku mmoja, wanakuwa mapambo ya ukutani. Wanabeba sinia, wanacheka nyuma ya viganja, wanapotea. Hakuna anayeuliza walikotoka wala walikozikwa.

Sisi tunapaswa kuuliza, kwa sababu tunaishi juu ya njia yao. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka bara kwenda Bagamoyo ilipita hapa: Kilimatinde, Ugogo, nyika kame ya Marenga Mkali, Mpwapwa. Ilibeba pembe za ndovu na watu. Jumba la Sultani wa Zanzibar lilikuwa na masuria wake pia, na tuna bahati ya kuwa na shahidi aliyekulia ndani. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mama yake alikuwa suria kutoka milima ya Kaukazi, aliyenunuliwa akiwa mtoto. Salme alitoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka uliofuata akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Anasimulia ua wa Mtoni kwa upendo mkubwa, na kwa habari za ndani ya jumba hana mfano. Lakini anapofika kwenye suala la utumwa anautetea zaidi kuliko ambavyo ungetarajia kwa mtu aliyekwisha kubatizwa. Hata shahidi wa kweli huona kutoka dirisha alilozaliwa nalo. Tarehe zake zinaweza kuwa sahihi zote na bado mpagazi aliyeanguka Marenga Mkali asiwemo.

Ndiyo maana simpi mtunzi msamaha kwa kusema tu kwamba hii ni burudani, na simhukumu kwa kuwa ametunga. Biblia yenyewe haiogopi kutunga. Nathani alipotumwa kwa Daudi hakumsomea taarifa ya mambo yaliyotokea. Alimsimulia hadithi ya maskini mmoja na mwana-kondoo wake mdogo, aliyekula tonge lake na kulala kifuani pake. Maskini yule hakuwahi kuwako. Daudi aliisikiliza kama tunavyotazama sisi, akapandwa na hasira, akataka mwovu auawe. Hadithi ya kubuni ilimfikisha mfalme kwenye ukweli ambao kumbukumbu za ikulu zilikuwa zimeufunika. Kisha Nathani alifanya ambalo watengenezaji wengi wa tamthiliya hawafanyi: alifunua kwamba ilikuwa hadithi, na akaonyesha inamhusu nani.

Mwandishi wetu Ebrahim Hussein alikuwa na uadilifu wa namna hiyo. Alipotoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, alimweleza msomaji katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, bali ni kiumbe cha fikra zake. Maneno machache tu, lakini yanampa msomaji heshima yake. Ningependa stesheni zetu zifanye hivyo kabla ya kila tamthiliya ya kifalme, iwe ya Kituruki au ya Kikorea. Wengi tunaikumbuka Jumong ilivyopita mkono kwa mkono kwenye santuri, na sidhani kama kuna aliyetuambia kwamba habari za kale za Korea zinasema mtu yule alitoka katika yai. Watengenezaji waliliondoa yai, wakaweka siasa, na vijana wetu wakaipokea yote kama somo la historia.

Swali litakuwa gumu zaidi siku tutakapoigiza ya kwetu, na siku hiyo naiombea. Mtemi Mazengo wa Mvumi tunamjua zaidi kwa jina la shule, na hata majengo ya shule ile sasa ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Watemi waliomtangulia hapa uwandani hawajulikani kabisa kwa vijana wanaoweza kukutajia watoto wote wa Suleiman kwa mpangilio. Watemi wale waliombewa mvua na kuheshimiwa kwa ajili yake. Pia walitoza hongo. Hakuna msafara uliovuka Ugogo na kunywa maji ya visima vyake bila kutoa vitambaa, shanga na nyaya, na wasafiri wa Kizungu walilalamika juu ya hongo hiyo ukurasa baada ya ukurasa. Sisi tunapenda kuisimulia kama ushujaa, na kwa sehemu ilikuwa hivyo: wenye nchi walidai haki yao.

Lakini hongo ililipwa na misafara yote, pamoja na ile iliyokuwa na watu shingoni wakiwa na minyororo. Kijana wa Chamwino atakayeandika tamthiliya hiyo atafuatwa na wazee, na huenda na sisi watu wa kanisa, tukimwomba amweke mtemi juu ya farasi, kama alivyotaka yule Waziri Mkuu. Aonyeshe baraza, aonyeshe ngoma, aonyeshe mvua ikinyesha. Mimi ningemwomba asiondoe kamera haraka mtemi anapopokea kitambaa. Nyuma ya begi la shanga kuna mstari wa watu wanaosubiri ruhusa ya kunywa maji. Ampe mmoja wao jina, na amfuate hadi Mpwapwa.