Kijana Mbele ya Picha za Kibengali

Picha za sinema za Kibengali zilizotengenezwa kwa rangi nyeusi na nyeupe katika miaka ya 1950 na 1960 zimepatwa na msiba wa kusifiwa mno. Kijana azionaye mara ya kwanza husomewa kwanza habari za tuzo, kama ile iliyopewa Aparajito huko Venice mwaka 1957, ndipo aonyeshwe picha yenyewe. Basi huketi kama aliyeitwa hitimani. Walakini Pather Panchali (1955) haikufanywa na wazee wenye vyeo. Satyajit Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara, na mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kuiendesha kamera ya sinema.

Husemwa kuwa picha hiyo ni habari ya umaskini. Si uongo, lakini mtoto aitazamaye haoni umaskini kwanza, huona siri. Durga alisingiziwa wizi wa mkufu wa jirani, naye akakana. Baada ya kufa kwake kwa homa, nduguye mdogo, Apu, auvumbua mkufu ule uliofichwa, akautupa ziwani asimwambie mtu. Magugu ya majini yatengana, kisha yajifunga polepole. Hapana neno lisemwalo. Mwenye kuifafanua picha kwa hesabu za ufukara amepitwa na jambo hili, nalo ndilo kijana alielewalo pasipo kufundishwa.

Jambo la lugha lina uzito wake. Asiyejua Kibengali hutegemea maandishi yapitayo chini ya picha, nayo humwibia macho. Kwa hiyo mlango ulio mwepesi zaidi kwake ni Charulata (1964), iliyotokana na hadithi ya Rabindranath Tagore. Mwanzo wake wapita kwa dakika kadhaa karibu bila mazungumzo: mke atarizi leso, achukua miwani ya mkono, ahama dirisha hata dirisha akiwachungulia wapitao njiani. Mumewe apita karibu naye akisoma, asimwone. Naye amwelekezea miwani ile ile, kana kwamba ni mmoja wa wapita njia. Ndoa nzima imekwisha elezwa.

Ritwik Ghatak ni mtu wa namna nyingine, na wapendao utulivu wa Ray humwona mwenye makelele. Katika Meghe Dhaka Tara (1960) mafuta yachemka jikoni kwa kishindo kisicho cha kawaida wakati mama ahofiapo kuwa bintiye ataolewa na mshahara wake kuondoka nyumbani. Penye wimbo wa huzuni husikika mchapo wa mjeledi. Ni kweli kwamba amezidisha. Lakini familia ile ni ya wakimbizi waliong'olewa kwao Bengali ya Mashariki mwaka 1947, na Ghatak mwenyewe, mzaliwa wa Dhaka, hakuwa na sababu ya kunong'ona. Kijana aliyewahi kumwona dada mkubwa akilisha nyumba nzima hataona kwamba sauti ile imezidi.

Nita, dada huyo, akatikiwa na kanda ya ndala yake mwanzoni, aendelea kwa miguu. Mwishoni, naye akiwa amekwisha patwa na kifua kikuu na kupelekwa milimani Shillong, msichana mwingine apita njia ile ile. Kanda yamkatikia, atabasamu kidogo, na kwenda zake.