Hata Huku?



Imepokewa kwa Abu Hurayra (r.a.), katika Hadithi zilizo sahihi, ya kwamba Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa mwenye kukitia ila chakula alichoandaliwa. Kilichompendeza alikila, na kisichompendeza alikiacha, wala hakusema neno. Basi anayeshika kalamu kuhukumu vyakula hapana budi ajiulize kwanza kama anayo ruhusa. Mimi nimejiuliza, na nimeona kuwa chakula chema naweza kukisifu, kwani kuitaja neema ni katika kuishukuru. Na palipo na ila, nitaitia kwetu sisi walaji na kwa wauzaji.

Mwaka 2019 tulikwenda Pangani watu wanne, tukitokea Tanga. Safari si ndefu, walakini tulibeba mfuko wa maandazi na chupa ya chai, kwa sababu mmoja wetu alisema, nasi sote tukamsadiki, kwamba Pangani ni mji uliolala na hakuna cha kula. Tulipofika mtoni tukawa twangojea pantoni ituvushe kwenda Bweni. Chini ya mti aliketi bibi mmoja mtu mzima, mbele yake sinia lililofunikwa kwa kawa. Alipolifunua, ikatupiga harufu ya iliki.

Ulikuwa ni mkate wa kumimina. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa mkate huu ni nini, lakini yafaa tukumbushane kazi yake, kwani wengi wetu twaujua mdomoni tu. Mchele hurowekwa usiku kucha, husagwa kwa tui zito, hutiwa hamira, sukari na iliki, kisha huachwa uumuke kwa wakati wake. Hauharakishwi. Humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, ukapikwa kwa moto wa chini na makaa juu ya kifuniko. Ukikosea moto wa chini, waungua kitako. Ukikosea wa juu, wabaki mweupe kama mgonjwa. Ule wa bibi ulikuwa na rangi ya kahawia pembeni, na ndani una vijitundu kama sega la nyuki. Sukari yake ilikuwa kidogo. Hilo ndilo lililonishika zaidi, kwa kuwa katika miji mikubwa nimekula kumimina nyingi ambazo sukari ni pazia tu: tui limetiwa maji, na unga umechanganywa na wa ngano, basi muuzaji hukuziba ulimi kwa utamu usije ukauliza.

Mwenzetu alikula kipande cha kwanza, akafumba macho, kisha akasema kwa mshangao: "Hata huku?"

Bibi akamtazama. "Kwani wajukuu zangu," akasema, "huko mtokako mwadhani huku hatuli?"

Tulicheka. Lakini mimi neno lile halijanitoka mpaka leo. Mtu hastaajabii kizuri ila pale alipotarajia kibaya. Nasi tulikuwa tumeudhania vibaya mji mzima na watu wake, tukaifanya dhana ile kuwa ni hakika, hata tukaifungia na maandazi. Na dhana mbaya tumekatazwa. Wengine watasema haya ni mambo ya tumbo tu, lakini anayewadharau watu katika chakula chao amekwisha kuwadharau wao wenyewe.

Ibn Battuta alipita pwani hii katika mwaka 1331. Mogadishu aliwekewa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Akapewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, na tangawizi mbichi na maembe. Mombasa akaandika habari za ndizi na samaki, na zambarau akazilinganisha na zeituni, ila ni tamu sana. Yeye aliyekuwa mgeni kweli kweli amekihesabu kila kilichowekwa mbele yake kama shahidi mbele ya kadhi. Ila alizowatia walaji, akasema mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha watu wengi! Hapo labda alikuwa na haki, labda alikuwa na wivu.

Sasa, kwa nini chakula cha mji mdogo mara nyingi hukishinda cha mji mkubwa? Si kwa sababu watu wake ni malaika. Nimekula Lamu katika mkahawa mmoja wa wageni, nikaletewa samaki aliyelala siku mbili akafichwa chini ya pilipili. Na asubuhi yake, kichochoroni, nikala mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama unaobandikwa ubavuni mwa tanuri la udongo, uliokuwa ukibanduka mbele ya macho yangu. Mji ni mmoja. Tofauti ni kuwa mkahawa ule ulimwuzia mpita njia asiyerudi, na mwoka mofa aliwauzia majirani watakaomgongea mlango kesho. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta chini limelowa, alimkemea mwenye lundo kwa kuwaficha wanunuzi. Samaki yule wa pilipili ni lundo lile lile.

Narudi Pangani. Tulikula sinia karibu nusu. Pantoni ilipofika, mwenzetu yule yule alimpa bibi noti kubwa, akamwambia ya kubaki aichukue, kisha tukakimbilia chomboni. Sijui kama ilikuwa ni sadaka au ni namna ya kulifuta lile "hata huku". Kabla hatujaondoka akaja mtoto wa kike mbio, anahema, amefumba kiganja. Ndani yake mlikuwa na chenji yetu kamili.

Yale maandazi tulirudi nayo Tanga jioni, yamekauka.