Ukimya wa Arejeaye: Mshtuko wa Nyumbani katika Riwaya Tatu za Kiafrika

Mhusika arejeaye nyumbani kutoka ng'ambo ni wa kawaida katika riwaya ya Kiafrika tangu miaka ya 1960. Uhakiki wake nao umekuwa na jibu la kawaida: mgongano wa tamaduni. Mwanafunzi anapokabiliwa na swali la mtihani kuhusu mhusika wa aina hii, aghalabu huitanguliza methali 'Mwacha mila ni mtumwa', akaziorodhesha mila zilizoachwa, kisha akahitimisha kwamba mhusika amepotea. Makala haya yanadai kwamba ufasiri huo hautoshi. Katika riwaya tatu tunazozirejelea, mshtuko wa kurejea hautokani hasa na mila alizozisahau mhusika, bali na mambo asiyoweza kuyasema mbele ya wanaompokea.

Tuanze na No Longer at Ease (1960) ya Chinua Achebe. Obi Okonkwo anarejea Nigeria kutoka Uingereza, alikosomeshwa kwa mkopo wa chama cha watu wa kwao. Chama kinamwandalia mapokezi. Katibu anasoma risala kwa Kiingereza kizito. Obi, aliyekuja bila koti, anajibu kwa Kiingereza chepesi, na hadhira inavunjika moyo. Hapa hakuna mila ya Kiigbo iliyovunjwa. Wenyeji wanachokikosa ni Uingereza waliyoilipia. Methali ya mwacha mila haina la kutuambia kuhusu tukio hili.

Katika Mawsim al-Hijra ila al-Shamal (1966) ya Tayeb Salih, ambayo wengi wetu tunaijua kwa tafsiri ya Kiingereza ya Denys Johnson-Davies, Season of Migration to the North, msimulizi anarejea kijijini kwake kando ya Mto Nile nchini Sudan baada ya miaka saba ya masomo Ulaya. Jamaa wanamzingira kwa maswali. Je, watu wa huko huoana? Wapo wakulima? Anajibu kwamba wanafanana nao, ila kwa tofauti ndogo. Mengine yaliyomjia akilini anayaweka moyoni. Kikaoni yupo pia Mustafa Sa'eed, mgeni kijijini, anayesikiliza bila kusema neno na kutabasamu mara kwa mara. Kumbe naye ameishi Uingereza. Msimulizi anaanza kuyumba anapokutana na mtu anayeyajua yale aliyoyanyamazia.

Ni Abdulrazak Gurnah, katika Admiring Silence (1996), anayeufikisha ukimya huu kileleni. Msimulizi asiyetajwa jina, mwalimu jijini London, anarejea Zanzibar baada ya takriban miaka 20. Nyumbani hawajui kwamba anaishi na Emma, Mwingereza, wala kwamba wana binti. Mama amekwisha kumtafutia mchumba. Kwa upande wa pili, amewalisha Emma na wazazi wake visa vya kubuni kuhusu alikotoka. Hatimaye anapousema ukweli, jamaa wanaghadhibika. Anaporudi London, Emma anamwacha.

Mazungumzo ya msimulizi na jamaa zake yameandikwa kwa Kiingereza, lakini kimantiki yanafanyika kwa Kiswahili, na hapa ndipo mhakiki wa Kiswahili ana la kuchangia. Salamu zetu zina kanuni. 'Habari za huko?' hujibiwa 'njema' kwanza, hata pakiwa na msiba. Mengine hufuata baadaye, akipatikana wa kuyauliza. Aliye mbali huweza kujibu 'njema' mwaka hata mwaka, na hayo mengine yasipate nafasi. Tukiisoma riwaya kwa mtazamo huu, ukimya wa msimulizi kwa mamake hauanzi kama usaliti bali kama adabu. Kosa lake ni kwamba alijificha nyuma ya adabu hiyo muda wote huo.

Usomaji huu una mipaka. Vyoo vilivyoziba na umeme unaokatika vinaweza kuchukuliwa kuwa ushahidi wa hali ya Zanzibar. Hata hivyo, msimulizi tunayejua kwamba hubuni visa hawezi kuaminiwa kama shahidi pekee, na mama, ambaye angeweza kumpinga, tunamsikia kupitia kwa mwanawe tu. Huo ndio udhaifu mkubwa wa riwaya hii: inauchunguza ukimya wa arejeaye kwa kina, ilhali ukimya wa waliobaki inaupitia juu juu.

Methali inayozifaa kazi hizi zaidi ni 'Mgeni njoo, mwenyeji apone'. Obi na wasimulizi wa Salih na Gurnah ni wenyeji waliobebeshwa wajibu wa mgeni, yaani kuja na neema na habari njema. Hatuna budi, tunapofundisha riwaya hizi, kumwuliza mwanafunzi si tu mhusika ameacha mila gani, bali pia nani anamwuliza habari, anatarajia jibu gani, na ni nini kinachobaki bila kusemwa.